Njiwa Wapya Wasirudi kwa Muuzaji: Mwongozo Kamili wa Kuwazoesha Banda Jipya

Mtu ananunua njiwa wanne Mukono, anawapeleka kwake Kawempe, anawafungia siku tatu ndani ya boksi la mbao, na asubuhi ya siku ya nne anafungua mlango. Mchana huohuo njiwa wako juu ya paa la muuzaji. Malalamiko haya ni yaleyale Bombo, Busia na Arua, na mara nyingi muuzaji husingiziwa kwamba amewafanyia dawa. Hakuna dawa. Njiwa anayejua kwao anaweza kurudi kwao, hata ukimpeleka mbali.

Wanaoshindwa hurudia makosa matatu: wananunua njiwa aliyekwisha kuzoea kuruka kwa mwenyewe, wanamfungia mahali asipoona nje, kisha wanamfungulia asubuhi akiwa ameshiba na ana mchana mzima wa kusafiri. Idadi ya siku za kufungwa haisaidii kitu peke yake. Njiwa akikaa mwezi mzima ndani ya boksi lisilo na dirisha, siku akitoka ni mgeni sawasawa na siku aliyofika.

## Vitu vya kuandaa kabla hujanunua njiwa

- Banda la mbao kwa njiwa 6 hadi 8: upana sentimita 120, kina 90, kimo 120, juu ya nguzo nne za mita 2. Paa la mabati liwekewe ubao chini yake, la sivyo joto la saa nane mchana litawaumiza makinda.
- Kisanduku kimoja kwa kila jozi: upana sentimita 60, kina 40, kimo 35.
- Waya wa matundu ya nusu inchi. Waya wa kuku wenye matundu mapana hupitisha panya na nyoka wadogo.
- Ubao wa kutua, sentimita 60 kwa 60, mbele ya mlango.
- Kizimba cha kuzoesha: fremu ya sentimita 60 kwa 60, kimo 45, chenye waya juu na pande tatu. Upande wa nne uwe wazi ili ushikane na mlango wa banda, na chini pawe wazi ili kikae juu ya ubao wa kutua.
- Fimbo za waya mgumu za sentimita 25 kwa ajili ya mlango.
- Chombo cha chakula na chombo cha maji chenye kina cha sentimita 3 au zaidi. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza, kwa hiyo kisahani kifupi hakimtoshi.
- Kopo la bati lenye mfuniko, la kuitia.
- Bati laini la kuzungushia nguzo, makopo manne ya nguzo na oili chafu kutoka gereji.
- Pete za plastiki za miguuni, rangi tofauti. Usifunge uzi, mguu ukivimba uzi huukata.

Banda lielekee upande ambao mvua haipigi sana, na mbele yake pawe wazi. Mti mkubwa ulio mita mbili kutoka mlangoni ni mahali pa mwewe kujificha, tena njiwa mgeni huenda akakaa humo badala ya kuingia ndani.

## Hatua ya 1: Chagua umri kabla ya rangi

Hatua hii inaamua sehemu kubwa ya matokeo, na ndiyo watu wanayoiruka wakivutiwa na mkia mpana au rangi nyeupe.

Nunua njiwa wa wiki 5 hadi 7, ambaye ameanza kula mwenyewe lakini hajazoea kuzunguka angani kwa muuzaji. Mtambue hivi: bado ana vinyweleo vya manjano kichwani na shingoni, uvimbe ulio juu ya mdomo ni wa kijivu chenye uwaridi, haujawa mweupe, analia kwa sauti nyembamba na hajaanza kunguruma. Dume anayenguruma na kujizungusha mbele ya jike ni mkubwa tayari, hata muuzaji akiapa kwamba ni wa juzi.

Muombe muuzaji amwage mahindi mbele yako. Kinda asiyeokota punje mwenyewe bado anamtegemea mzazi; ukimchukua leo atakufa kwa njaa mbele ya chakula.

Kisha mkague mkononi. Fungua mdomo: koo liwe safi, la waridi. Utando wa manjano kooni ni ugonjwa unaoambukiza, na njiwa huyo mwache. Papasa kifua: mfupa usiwe umechomoza bila nyama. Panua bawa na utazame kama kuna chawa, au yule nzi bapa anayekimbia upande upande katikati ya manyoya. Sehemu ya haja iwe kavu.

Onyo: usinunue njiwa wa porini walionaswa kwa mitego. Nchini Uganda kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, tena ndege hao hawatakaa kwako.

Umefaulu ukiwa na njiwa wanne hadi sita wa umri mmoja. Mmoja peke yake hutafuta kundi popote alionapo, na kundi analolijua ni la muuzaji.

## Hatua ya 2: Safari na siku ya kwanza

Tumia katoni yenye matundu pande zote, si gunia. Ndani ya gunia njiwa hulaliana na manyoya ya bawa huvunjika. Katoni ya sentimita 40 kwa 30 inatosha wanne. Ukisafiri kwa boda boda, ishike mapajani na usiifunge nyuma karibu na bomba la moshi. Safiri asubuhi na mapema au jua likipoa.

Ukifika, wape maji kwanza. Chukua kila mmoja, zamisha ncha ya mdomo wake katika maji taratibu bila kuziba pua, kisha mwache. Akishakunywa mara moja, anajua chombo kilipo. Chakula wape baada ya saa moja. Kinyesi cha majimaji ya kijani siku ya kwanza hutokana na njaa na hofu ya safari. Kikiendelea baada ya siku mbili, mwite afisa wa mifugo wa eneo lako.

Kama una njiwa wengine au kuku, wageni wakae mbali nao siku 30, wasishirikiane chombo. Kideri, ambacho kwa njiwa huonekana kwa shingo kupinda na kutetemeka, kinaweza kuingia kupitia mgeni anayeonekana mzima. Hapa wengi huogopa kwamba kinda atakua kabla hajafunguliwa. Hofu hiyo inaisha ukiwaweka wageni moja kwa moja katika banda ambalo ndilo litakuwa lao, na hao wa zamani wakabaki kwingine. Wanatengwa na wanazoea kwa wakati mmoja, na siku ya kufungua unaisogeza tu hadi siku 30 zitimie.

## Hatua ya 3: Chakula kwa kipimo, na mwito wa kopo

Njiwa anayekuta chakula kimejaa saa zote hana sababu ya kukusikiliza. Mpe gramu 30 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Pima kwa mizani mara moja, kisha chora alama ndani ya kopo ili usihitaji mizani tena.

Mchanganyiko mzuri kwa nafaka za hapa, kwa kila kilo 10: mahindi yaliyovunjwa kilo 4, mtama kilo 3, kunde au choroko kavu kilo 2, ulezi kilo 1. Kunde zisiachwe, kwa sababu mahindi matupu hunenepesha bila kujenga manyoya.

Weka pia kokoto ndogo na magamba ya konokono wa ziwani yaliyosagwa, yale yanayouzwa katika maduka ya vyakula vya kuku. Njiwa humeza punje nzima. Bila kokoto tumboni hazisagiki vizuri.

Maonyo mawili ya kuzingatia sana. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na kuyaanika juani hakuondoi sumu, yatupe. Na usiwape kamwe mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa ya rangi nyekundu au ya waridi, hata ukiyaosha. Hiyo ni sumu.

Sasa mwito. Kila unapowalisha, tikisa kopo lenye punje chache kwa mdundo uleule kabla hujamwaga chakula. Wakishakula dakika 15, ondoa kilichobaki. Usitikise kopo kwa kuwachezea bila kuwapa kitu. Ukiwadanganya mara chache, mwito unakufa.

Umefaulu wakishuka kwenye chombo kabla hujamaliza kutikisa. Kwa kawaida hili linatokea ndani ya wiki ya kwanza. Lisipotokea, unawapa chakula kingi mno.

## Hatua ya 4: Wajifunze paa, ujirani na mlango

Siku tatu za kwanza wabaki ndani ya banda. Kuanzia siku ya nne, weka kizimba juu ya ubao wa kutua na uwaache watoke humo kila siku kwa saa moja hadi mbili, kwa siku zisizopungua 7. Humo wanaona angani, paa la banda, nyumba yako, mnazi au mnara wa simu ulio karibu, na njia ya jua. Wanasikia pia jenereta ya jirani, mbwa na watoto wa shule, vitu ambavyo siku ya kufunguliwa vingewashtua.

Mlango ndio unaosahaulika. Njiwa anaweza kujua paa lako vizuri kabisa na bado asijue kuingia, akalala nje na kuliwa na paka. Toboa mlango wa upana wa sentimita 30 na kimo cha 25. Ning'iniza zile fimbo za waya kutoka juu, zikipishana sentimita 4 hadi 5, zibembee kwa uhuru. Kwa upande wa nje, chini, pigilia kipande cha mbao chembamba cha kuzizuia zisifunguke kuelekea nje. Hapo njiwa akisukuma kwa kifua anaingia, lakini akiwa ndani hawezi kutoka hadi wewe uzinyanyue.

Wafundishe hivi: jioni, kabla ya chakula, wakiwa wote ndani ya kizimba, zinyanyue fimbo zote na uzifunge juu. Tikisa kopo ukiwa ndani ya banda. Wataingia. Siku ya tatu ya mafunzo haya shusha fimbo mbili za pembeni. Siku ya tano shusha zote isipokuwa mbili za katikati. Siku ya saba shusha zote. Anayesita, msukume polepole kwa kiganja mara moja. Akishahisi kwamba waya unabembea na haumchomi, hatasita tena.

Onyo: funika nusu ya juu ya kizimba kwa ubao. Mwewe wa Kampala hawaogopi watu, na akitua juu ya waya njiwa hujipigapiga hadi kuumia. Ubao huo ni kivuli pia. Usiwaache kizimbani usiku hata siku moja.

Umefaulu wote wakipita kwenye fimbo wenyewe ndani ya dakika chache baada ya kusikia kopo. Kama hata mmoja hajui mlango, siku ya kufungua haijafika.

## Hatua ya 5: Siku ya kufungua

Chagua jioni kavu isiyo na upepo. Katika misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, tazama mawingu kwanza. Njiwa mgeni akinyeshewa hutua popote na kukaa hapo. Jioni ya kuamkia siku hiyo wape nusu ya chakula, na siku yenyewe asubuhi na mchana wape maji tu.

Anza saa 11:30 jioni. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:15, kwa hiyo wana muda wa kutazama mazingira lakini hawana muda wa safari. Njiwa hapendi kuruka gizani.

1. Fungia watoto na mbwa, na waombe jirani wasipige kelele kwa saa moja.
2. Gawa kundi. Nusu wabaki ndani ya banda wakionekana kupitia waya. Hao ndio watakaowavuta wenzao.
3. Waingize nusu nyingine kizimbani, kisha inua kizimba taratibu na ukiondoe. Usiwatupe hewani wala kuwafukuza. Atoke mwenyewe kwa kutembea.
4. Rudi nyuma hatua kumi, kaa chini, nyamaza.
5. Watapanda juu ya paa la banda, wengine watazunguka angani mara chache. Waache dakika 20.
6. Ingia nyuma ya banda, tikisa kopo, mwaga punje ndani karibu na mlango.

Wakiingia wote, wape chakula chao kamili na ufunge. Kesho yake fungua nusu iliyobaki kwa utaratibu uleule. Kisha kila siku ongeza dakika 15. Baada ya wiki moja unaweza kujaribu asubuhi, bado wakiwa na njaa. Baada ya wiki mbili hadi tatu wanaweza kushinda nje.

Akibaki juu ya mti au paa usiku, usirushe mawe na usimpandie na tochi. Mwache. Alfajiri, kabla jua halijapanda, weka wenzake kizimbani waonekane na utikise kopo. Mara nyingi atashuka kwa njaa.

Umefaulu wakizunguka juu ya boma lako kwa kundi na kutua moja kwa moja kwenye paa la banda, bila kupumzika kwanza kwa jirani.

## Njiwa wakubwa: njia ndefu zaidi

Kama tayari umenunua wakubwa, kizimba peke yake mara nyingi hakitoshi. Tegemea mayai.

Wafungie jozi katika banda lenye waya mbele, waone nje, na waache watage. Jike hutaga mayai mawili, la pili siku mbili hivi baada ya la kwanza, na huanguliwa baada ya siku 17 hadi 19. Dume hulalia mayai kuanzia asubuhi jua likipanda hadi alasiri; jike hulalia muda uliobaki, usiku kucha.

Subiri makinda yafikishe siku 7 hadi 10. Hapo, jioni, mtoe dume peke yake akiwa na njaa. Jike na makinda wabaki ndani. Akirudi, siku chache baadaye fungua jike na umfungie dume. Usiwatoe wote wawili pamoja hadi walee vizazi viwili kwako, kwa sababu jozi ikiruka pamoja haina kinachoirudisha.

Wengine hukata mabawa. Likilazimu, ni heri kufunga manyoya 7 ya ncha ya bawa moja kwa plasta ya karatasi, uibadilishe kila wiki mbili, kuliko kukata. Unyoya uliokatwa haurefuki tena hadi unyonyoke na mwingine uote, na hilo huchukua miezi. Unyoya mchanga wenye mshipa wa bluu ukikatwa hutoka damu nyingi. Na njiwa asiyeweza kuruka asiachwe nje hata dakika moja.

Kuna wakubwa ambao hawatakaa kamwe. Hao watumie kama wazazi wa ndani, wape nafasi na maji ya kuoga, na uwafungulie watoto wao tu. Makinda yaliyoanguliwa kwako hayana kwingine yanakokujua.

## Siafu, paka na mwewe

Banda likishambuliwa usiku mmoja, njiwa waliobaki hulihama hata kama walikuwa wamezoea, kwa hiyo ulinzi ni sehemu ya kuwazoesha.

Siafu ndio wabaya kuliko wote. Hupanda nguzo usiku, hasa mvua zikianza, na humaliza makinda yaliyo hai ndani ya kiota. Simamisha kila nguzo ndani ya kopo lenye oili chafu ya kina cha sentimita 4, ulifunike pembeni kwa bati ili mvua isilijaze na njiwa wasinywe. Kagua kila wiki: jani moja lililoanguka juu ya oili ni daraja tosha. Kata pia tawi au kamba ya kuanikia nguo inayogusa banda.

Kwa paka na panya, zungusha bati laini la upana wa sentimita 60 kwenye kila nguzo, kuanzia mita moja kutoka chini. Kwa mwewe, badilisha saa za kufungua ukiona anazunguka kila siku wakati uleule.

Unapokwangua kinyesi, nyunyizia maji kwanza na uvae barakoa. Vumbi lake huharibu mapafu ya watu.

## Shida zinazojitokeza na sababu zake

Wanatua juu ya banda lakini hawaingii. Wameshiba, au wanaokota nafaka mahali pengine, kwa mfano kwenye mashine ya kusaga. Punguza chakula cha asubuhi kwa siku tatu.

Wanaingia wote isipokuwa mmoja. Huenda ananyanyaswa. Tazama kama ana mahali pake pa kulala. Njiwa hugombania visanduku, na mnyonge hufukuzwa. Ongeza kisanduku kimoja zaidi ya idadi ya jozi.

Anakaa amejikunyata, amevimbisha manyoya, anapumua kwa mdomo. Mtenge leo hii na umwite afisa wa mifugo. Usimpe vidonge vya antibayotiki vya watu kwa kukisia.

Mmoja amerudi kwa muuzaji. Hili lipangeni mapema siku ya kununua: muuzaji amkamate usiku, akupigie simu, asimlishe wala kumruhusu kukaa na kundi. Mrudishe, mfungie tena wiki nne katika banda lenye mwanga na kizimba, umtafutie mwenzi. Akikimbia mara ya pili, mwombe muuzaji abadilishane naye na kinda wa wiki 6.